Kaseti Isiyouliza Majina

Kila asubuhi Kokuhirwa aliamka kabla ukungu haujaondoka mgombani. Alifagia uwanja, akatandaza buni kwenye jamvi, akamfungua mbuzi na kumhamishia kwenye majani mabichi. Kisha alikoroga uji, akamimina vikombe viwili. Viwili tu, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na watu wawili. Mama yake alifariki mwaka juzi, wakati bado wanaishi Songambele. Baada ya matanga baba yake, Byarugaba, alirudi Kimuli kwenye kibanja, shamba la migomba aliloachiwa na wazazi, na Kokuhirwa akahamia shule ambako hakumjua mtu hata mmoja.

"Umekula?" baba yake aliuliza asubuhi zote.

"Nimekula, Tata," alijibu, maana ndivyo watoto wengi wa huko wanavyowaita baba zao.

Maneno yao ya asubuhi yaliishia hapo.

Byarugaba alilima migomba na kahawa kama majirani zake, lakini watu walimjua zaidi kwa enanga. Hiyo ni ala ya ubao mrefu uliochongwa ukawa na uwazi katikati, na juu yake zimevutwa nyuzi nane za mishipa ya ng'ombe. Aliitwa kwenye harusi nyingi, na alipofika hakuanza kupiga mara moja. Kwanza aliketi na wenyeji akauliza: bwana harusi ni mtoto wa nani, bibi harusi ametoka ukoo gani, ng'ombe aliyeletwa ana rangi gani, na nani amesafiri kutoka mbali. Hayo yote aliyaingiza kwenye wimbo, akimsifu huyu na kumtania yule, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alirudi nyumbani na mkungu wa ndizi, dumu la rubisi, ile pombe ya ndizi, na fedha kidogo za sabuni na daftari.

Mwaka 1988, kwenye harusi ya binti wa Mzee Rwegoshora, mgeni mmoja alikuja na kinasa sauti kizuri akamrekodi Byarugaba tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akamwachia kaseti ile. Byarugaba akaipeleka senta kwa Fidele, mwenye duka la kaseti. Wakapatana kwamba Fidele atoe nakala na kuziuza, na theluthi ya kila nakala iwe ya mpigaji. Kaseti yenyewe ya kwanza, waliyoiita kaseti mama, ilirudi nyumbani ikafungiwa kwenye sanduku la bati.

Nje ya duka lake Fidele alitundika ubao mweusi. Kila Jumamosi aliandika kwa chaki majina ya kaseti tano zilizouzwa zaidi wiki ile. Walikuwepo wenye bendi za Dar es Salaam na za Zaire, zilikuwepo kwaya. Juu yao wote, kwa wiki tisa mfululizo, liliandikwa jina la Byarugaba wa Kimuli.

Kokuhirwa alipotoka shule alipitia pale hata kama hakutumwa kitu. Alisimama mbele ya ubao akalisoma jina la baba yake pole pole, herufi kwa herufi. Wakati mwingine hilo ndilo lilikuwa jambo pekee la siku yake lililomfurahisha.

Shuleni hakuwa na mtu. Wakati wa mapumziko wasichana wa darasa la tano walicheza rede, na yeye alikaa chini ya dirisha akichora mistari mchangani. Siku moja mpira ulimfikia miguuni. Alipouokota ili awarushie, mmoja alisema, "Mpe Eugenia, usirushe wewe. Mtoto wa enanga anajua kukaa tu, kama baba yake." Wenzake wakacheka. Kokuhirwa naye akacheka kidogo, ili wasione kwamba imemuuma.

Eugenia ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Hakuwa mkorofi sana, ila alizoea kupata alichotaka. Jumatano moja alikuja mwenyewe mpaka chini ya dirisha.

"Kokuhirwa, eti kwenu mnayo kaseti yenyewe ya kwanza?"

"Tunayo."

"Kaka Polikarpi ameleta redio ya deki mbili kutoka Mutukula. Inatoa sauti kama mtu yumo ndani. Nakala za Fidele zinakwaruza. Tuletee hiyo yenyewe tuisikilize siku moja tu."

"Tata hataki itoke nyumbani."

"Kwani tutaila? Kesho yake unairudisha. Nani atajua?"

Kokuhirwa aliendelea kuchora mistari mchangani.

"Basi," Eugenia alisema akigeuka. "Mimi nilidhani wewe ni mwenzetu."

Neno hilo, mwenzetu, lilimfuata Kokuhirwa mpaka nyumbani. Lilikuwa naye alipochota maji, likawa naye alipomenya ndizi. Kesho yake baba yake alipokwenda kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, alifungua sanduku la bati akaichukua kaseti mama, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia katikati ya madaftari. Ijumaa jioni ilikuwa imerudi sandukuni, na Byarugaba hakujua lolote.

Jumatatu wasichana wakamwita kwenye rede. Akasimama katikati, akakwepa mpira mara sita. Eugenia akamsuka mistari minne, wakagawana mapera, wakasindikizana hadi njia panda. Kwa wiki tatu Kokuhirwa aliona kwamba amepata kitu ambacho hata ndoto zake zilikuwa zimeacha kukiomba.

Katika wiki hizo enanga ya baba yake ilianza kusikika kila mahali. Ilisikika kwenye mashine ya kusaga, kwa fundi baiskeli, na kwenye kilabu cha rubisi. Hata lori la kahawa lilipita likiipiga. Mwanzoni alifurahi. Alisema moyoni kwamba sasa Tata anajulikana kweli kweli.

Lakini Jumamosi ya kwanza, kwenye ubao wa Fidele, jina la Byarugaba lilishuka hadi namba mbili. Jumamosi iliyofuata likawa la nne. Jumamosi ya tatu halikuwepo.

Kokuhirwa akaingia dukani. "Shikamoo, Mjomba Fidele."

"Marahaba, binti wa enanga."

"Mbona Tata hayupo ubaoni? Wimbo wake nausikia kila nyumba."

Fidele aliweka kando redio aliyokuwa akiipangusa. "Mwanangu, ubao wangu hauna masikio. Unajua tu kile kilichopita juu ya meza hii. Wiki hii nimeuza kaseti moja ya baba yako, tena nimemuuzia mpita njia. Yuko mtu anayewatolea watu nakala. Unampelekea kaseti tupu, anakujazia kwa bei ya betri mbili. Sasa nani aje kwangu?"

"Nawe umepata hasara, Mjomba."

"Kidogo. Mimi nina kaseti za watu arobaini, hii ikilala nauza ile. Baba yako anayo moja tu." Akaichukua tena redio. "Wanaompenda wameongezeka mara kumi, na mfuko wake umekauka. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo."

Kokuhirwa alitoka dukani bila kuutazama ubao. Alijua nakala zile zimeanzia wapi, na katika Kimuli nzima ni yeye na Eugenia na kaka yake tu waliojua.

Mambo hayakuishia kwenye ubao. Jumapili moja alikuja kijana aliyetumwa na Mzee Kashaija wa Bugomora, ambaye alikuwa amemwahidi Byarugaba beberu mmoja ili akapige kwenye harusi ya binti wa mzee huyo. Kijana alisalimia kwa adabu, akazungushazungusha kofia mkononi.

"Mzee anasema asante sana, ila usijisumbue. Tumepata kaseti."

"Kaseti ya nani?" Byarugaba aliuliza.

"Yako, Mzee."

Byarugaba alitikisa kichwa taratibu, akamkaribisha kijana ndizi. Hiyo ilikuwa harusi ya tatu kumponyoka. Siku chache baadaye, wakila, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Kokuhirwa, kahawa ya mwaka huu imeliwa na wadudu, na enanga hailishi tena. Nimesikia mashamba ya miwa ng'ambo ya Kyaka yanaandika vibarua. Mwezi ujao nitakwenda. Wewe utakaa Bugomora kwa Shangazi Auleria."

"Mpaka lini, Tata?"

"Sijui. Mwaka, labda miwili."

Kokuhirwa alitaka kukiri habari ya kaseti. Badala yake akainuka kukusanya sahani. Shangazi Auleria alikuwa mwema, lakini nyumba yake ilijaa watoto saba, na kati ya hao saba hakuna aliyekuwa mwenzake. Hapa angalau alikuwa na Tata, hata kama walikuwa wakinyamaza pamoja.

Na wale marafiki? Redio ya deki mbili ilipozoeleka, Eugenia naye alimzoea Kokuhirwa hadi akamchoka. Akaja msichana mwingine kutoka Bukoba mwenye viatu vya kung'aa, na nafasi kwenye rede ikajaa. Kokuhirwa akarudi chini ya dirisha. Upweke wa safari hii ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa ule wa kwanza haukuwa na siri ndani yake.

Siku ya harusi ya Bugomora, Shangazi Auleria, ambaye alikuwa jirani wa Mzee Kashaija, alimwomba Kokuhirwa aende kusaidia kumenya ndizi. Alimenya tangu alfajiri mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Kufikia saa saba mchana wageni wa upande wa bwana harusi waliwasili. Walikuwa wametoka mbali, upande wa Nyaishozi, wakimswaga ng'ombe wa mahari kwa siku mbili. Waliketi kwenye mikeka, wakapitishiwa kahawa ya kutafuna na vibuyu vya rubisi.

Kwenye kona ya banda, juu ya meza, ilikaa redio ya deki mbili iliyounganishwa na betri ya gari. Nyuma yake alisimama Polikarpi, kaka yake Eugenia, amevaa miwani ya jua. Alibonyeza kitufe, na enanga ya Byarugaba ikajaza uwanja.

Wageni walifurahi, wengine wakaanza kupiga makofi. Kisha sauti ya Byarugaba ikaingia, ikimsifu Rwegoshora na nyumba ya Rwegoshora. Mzee mmoja wa Nyaishozi alimwinamia jirani yake. "Rwegoshora ndiye nani? Si tumekuja kwa Kashaija?"

"Labda ni jina lake la nyumbani."

Kabla hawajaafikiana wimbo ulifika mahali pa utani. Pale kwa Rwegoshora, watani walikuwa watu wa Kimuli wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja alicheka. Sasa sauti ilisema kwamba wakwe wamekuja na ng'ombe aliyekonda, ng'ombe ambaye ukimtazama ubavuni unaweza kuhesabu siku za mwezi, na kwamba wenye binti wamwonee huruma wamrudishe kwao akapumzike.

Makofi yakakatika. Ng'ombe wa wageni alikuwa amefungwa pale pale pembeni ya mgomba, amechoka kwa safari, na mbavu zake zilionekana.

Baba wa bwana harusi aliweka kibuyu chini. "Kashaija, waitu, ndugu yetu, tumetembea siku mbili ili tuje kutukanwa na sanduku?"

Mzee Kashaija alisimama, jasho likimtoka. "Si maneno yangu, ndugu zangu. Mimi nimenunua kaseti tu. Mwenye kosa ni huyo mpigaji, Byarugaba. Nilimwambia asije, naona amekasirika akatuuzia matusi."

"Ni mtu wa namna gani huyo?" sauti zikaanza. "Asiitwe tena popote." "Habari hii itafika mpaka Kayanga."

Kokuhirwa alikuwa amesimama karibu na jiko, kisu mkononi. Alimtazama Polikarpi. Polikarpi alikuwa ametazama chini, akishughulika na nyaya zisizokuwa na tatizo lolote. Ukiacha Shangazi Auleria na Polikarpi, hakuna aliyejua msichana yule ni mtoto wa nani. Angeweza kuinama akaendelea kumenya, na hakuna ambaye angemuuliza kitu.

Aliweka kisu chini, akasogea mpaka mbele ya wazee, akapiga magoti.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Unataka nini, mtoto?"

"Mimi ni binti wa Byarugaba. Tata hakuwauzia kaseti hiyo. Hajui hata kama ipo." Akaionyesha redio kwa kidole. "Aliimba hayo kwa Mzee Rwegoshora, Kimuli, mwaka jana. Mimi niliiba kaseti yake sandukuni nikawapa watu, wakatoa nakala. Nilitaka wanipende. Kama kuna mwenye kosa ni mimi. Tata huwa haimbi mpaka aulize kwanza majina ya watu."

Shangazi Auleria alishika mdomo. Baba wa bwana harusi akamgeukia Kashaija.

"Huyo anayeuliza majina yuko wapi?"

"Kimuli."

"Na baiskeli mnazo?"

Kijana aliondoka mbio. Jua lilikuwa limeanza kulegea Byarugaba alipofika, ameketi kwenye keria, enanga imefungwa mgongoni. Wakati wote huo Kokuhirwa alikuwa amekaa peke yake nyuma ya jiko. Alisikia wakimsimulia baba yake mambo yote, na hakuthubutu kuchungulia. Kisha akasikia sauti aliyoijua ikiuliza bila haraka: bwana harusi ni mtoto wa nani? Bibi harusi ametoka ukoo gani? Na huyu ng'ombe, ametembea kutoka wapi?

Alipiga mpaka vivuli vya migomba vikawa virefu. Ng'ombe yule yule aliyekonda akawa ndani ya wimbo ng'ombe shujaa, aliyevuka vilima na mabonde bila kuomba maji, kwa sababu alijua anakwenda nyumba nzuri. Wageni waliinuka wakacheza. Mzee Kashaija akataniwa kwamba ana masikio ya betri, akacheka kuliko wote.

Baadaye Byarugaba alimwita Polikarpi. Polikarpi alikuja amevua miwani.

"Umetoa nakala ngapi?"

"Sikuhesabu, Mzee. Nilidhani sauti ikishatoka mdomoni ni ya kila mtu."

"Mgomba wangu ukizaa upande wa barabara, ndizi ni za kila mpita njia?"

"Hapana, Mzee."

"Wimbo huo nimeulima kwa miaka ishirini, ila wewe hukuona jembe. Zilizokwenda zimekwenda, siwezi kuingia kila nyumba nikazikusanya. Lakini kuanzia kesho, atakayekuletea kaseti tupu akitaka enanga yangu, mtume kwa Fidele. Ukitaka kuuza mwenyewe, njoo tupatane kama nilivyopatana naye."

"Nitakuja, Mzee. Na naomba radhi."

Baba wa bwana harusi naye akamwalika Nyaishozi kwa sherehe mbili za mwezi uliofuata, na Kashaija akampa beberu ambaye alikuwa amemwahidi tangu mwanzo. Safari ya mashamba ya miwa haikutajwa tena.

Walirudi Kimuli kwa miguu, baba mbele na beberu, binti nyuma na dumu dogo kichwani. Wakavuka mto wa kwanza. Kokuhirwa alihesabu hatua, akaacha, akahesabu tena.

"Tata, unichape basi."

"Sitakuchapa." Alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. "Jumatatu utakwenda kwa Fidele, umweleze mwenyewe. Naye alipata hasara."

"Nitakwenda."

"Uliniambia kila siku umekula. Kwa nini hukuniambia kwamba huko shuleni huna mwenzako?"

Kokuhirwa alifikiri. "Nawe Tata hukuniambia kitu. Jioni unakaa na enanga bila kuipiga."

Byarugaba alisimama kabisa. Beberu naye akasimama. "Siipigi pale nyumbani kwa sababu mama yako alizoea kuitikia," alisema. "Nikipiga, kuna mahali nasubiri sauti yake, na haiji."

Wakasimama hivyo njiani, na kwa mara ya kwanza tangu matanga walilia pamoja, bila kuficha nyuso. Kisha Byarugaba alimfuta binti yake machozi kwa pembe ya shati.

"Sikiliza, mwanangu. Kuwa mpweke si kosa. Hata mimi ni mpweke, na hakuna aliyenishitaki. Kosa lako ni kwamba ulitaka kununua marafiki kwa jasho la mtu mwingine, na rafiki wa kununuliwa huondoka mali ikiisha. Kazi ya mtu, hata ile isiyoshikika mkononi, ina mwenyewe. Anayeitaka amwombe mwenyewe. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya leo. Sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako. Uliniibia, na leo umeniokoa. Yote mawili nitayakumbuka, lakini la pili zaidi."

"Na mahali pale unaposubiri sauti, Tata," Kokuhirwa aliuliza baada ya hatua chache, "pana maneno gani?"

Byarugaba akamwambia. Yalikuwa maneno machache na mepesi. Alianza kuimba kwa sauti ya chini bila enanga, wakitembea, na alipofika mahali pale akanyamaza kusubiri. Kokuhirwa akaitikia.